Injini ya Nguvu Ngapi Inatosha? Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kununua Boti ya Kasi

Katika Kaunti ya Lamu boti ndiyo matatu, ndiyo lori na ndiyo ambulensi. Mgonjwa wa Kizingitini, Faza, Siyu au Ndau anayehitaji kufikishwa Hospitali ya King Fahd mjini Lamu hana budi kupita majini. Mwanafunzi, mwalimu, mfanyabiashara wa samaki na abiria anayewahi ndege Manda, wote hutegemea chombo kinachokwenda na kufika kwa wakati.

Ndiyo maana kila kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU), mfanyabiashara au idara ya serikali inapopanga kununua boti, swali la kwanza huwa injini. Iwe ya nguvu za farasi 40? 75? 115? Au 200? Mara nyingi jibu hutolewa kwa mojawapo ya njia mbili: kuiga boti ya jirani, au kununua injini kubwa kabisa ambayo pesa zinaruhusu. Njia zote mbili zina gharama. Injini ndogo mno huunguza mafuta bila boti kushika kasi. Injini kubwa mno hula petroli kila siku kwa kasi ambayo pengine haitumiki.

Waundaji wa boti wana hesabu yao, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo inaweza kufanywa na mwananchi yeyote mwenye kalkuleta ya simu. Makala haya yanaieleza hatua kwa hatua.

KWA NINI JAHAZI HALIKIMBII KAMA BOTI YA KASI

Chombo chochote kinachokwenda kikiwa kimezama majini hulazimika kuyasukuma maji kando. Maji hayo huinuka na kuwa wimbi mbele kwenye omo na wimbi jingine nyuma kwenye tezi. Kadiri kasi inavyoongezeka, wimbi hilo huwa refu zaidi, mpaka urefu wake unalingana na urefu wa chombo chenyewe. Hapo chombo huwa kimenaswa katika bonde la wimbi kililolitengeneza. Ukiongeza nguvu, wimbi linakuwa kubwa zaidi lakini kasi haiongezeki kwa kiasi cha maana.

Mpaka huo wa kasi unajulikana. Chukua urefu wa chombo kwenye mstari wa maji kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 2.4. Jibu ni maili za baharini kwa saa, kipimo ambacho manahodha hukiita noti. Noti moja ni mita 1,852 kwa saa. Boti ya mita 7 ina mpaka wa noti 6 na kidogo. Jahazi la mita 16 lina mpaka wa takriban noti 10.

Mhandisi Mwingereza William Froude ndiye aliyeliweka jambo hili katika misingi ya kisayansi. Katika miaka ya 1860 na 1870 alivuta mifano midogo ya meli majini, na baadaye akajenga hodhi maalumu la majaribio huko Torquay, Uingereza. Alionyesha kwamba mfano mdogo unaweza kutabiri upinzani ambao meli kubwa itaupata, mradi kasi zilinganishwe kwa kufuata kipeuo cha pili cha urefu. Mpaka leo waundaji wa meli duniani hutumia kanuni yake.

Boti ya kasi hukwepa mpaka huo kwa njia tofauti kabisa. Badala ya kuyapasua maji, hupanda juu yake na kuteleza. Sehemu ya chini ya boti hiyo, hasa upande wa nyuma, huwa bapa au yenye umbo la V pana, na inapokwenda kasi maji huisukuma juu. Mashua yenye tumbo la mviringo na tezi iliyochongoka haina sehemu bapa ya kuiinua. Kuifungia injini ya nguvu 100 hakutaifanya iteleze. Kutaongeza wimbi na bei ya mafuta tu.

MLIMA KABLA YA KUTELEZA

Kati ya kwenda polepole na kuteleza kuna hatua ngumu ambayo kila nahodha anaijua. Omo huinuka juu, tezi huzama, injini hunguruma na nahodha haoni mbele. Kwa boti ya mita 7, hali hii huanzia karibu noti 7 na kuendelea hadi noti 12 au 13. Wataalamu huifananisha na kupanda mlima: ukishavuka kilele, boti hulala sawa, mzigo wa injini hupungua na safari huwa laini.

Boti ambayo injini yake ni ndogo kwa uzito wake haivuki mlima huo. Hubaki kwenye mteremko safari nzima, gesi ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho. Hapo ndipo mafuta mengi zaidi huunguzwa kwa kila maili, na ndipo injini huchakaa mapema. Ukiona nahodha anawaomba abiria wasogee mbele ili boti "ilale", jua chombo hicho kinahangaika kwenye mlima.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mnunuzi ni hili: je, kazi yangu inahitaji kuteleza? Mvuvi anayetega nyavu karibu na anayetosheka na noti 5 au 6 anaweza kuendesha boti ileile ya mita 7 kwa injini ya nguvu 15 katika maji tulivu. Anayetaka noti 20 anahitaji hesabu nyingine.

UZITO NDIO UNAOAMUA

Katika kuteleza, kinachoamua nguvu inayohitajika kuliko kitu kingine chochote ni uzito wote wa boti ikiwa kazini. Uzito wa boti tupu kwenye karatasi ya muuzaji hautoshi. Tuchukue mfano wa boti ya faiba ya mita 7 ya kubeba watu 10, nahodha akiwa miongoni mwao:

- Boti yenyewe: kilo 900
- Injini, betri, nanga, kamba na jaketi za kuokolea maisha: kilo 200
- Petroli lita 100: kilo 75
- Watu 10, kila mmoja kilo 75: kilo 750
- Mizigo ya abiria: kilo 75

Jumla ni kilo 2,000. Angalia kwamba boti tupu haifiki hata nusu ya uzito huo.

Sasa kasi. Mbunifu wa boti za mashindano wa Marekani, George Crouch, aliyejulikana katika miaka ya 1920, aliacha kanuni fupi ambayo bado hutumiwa kwa makadirio ya kwanza. Ukiibadilisha iwe kwa kilo na noti, kwa boti ya kawaida ya abiria inakaribia hivi: gawanya kasi unayotaka kwa 100, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa uzito wote wa boti kwa kilo. Jibu ni nguvu za farasi.

Kwa boti yetu ya kilo 2,000:

- Noti 20: 0.20 mara 0.20 mara 2,000 = nguvu 80
- Noti 25: 0.25 mara 0.25 mara 2,000 = nguvu 125
- Noti 30: 0.30 mara 0.30 mara 2,000 = nguvu 180

Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba kasi ni ghali. Kutoka noti 20 hadi 30 ni ongezeko la nusu ya kasi, lakini nguvu imezidi maradufu. Ukiangalia kwa upande wa pili, kuongeza injini maradufu hukupa asilimia 40 tu ya kasi zaidi.

Jambo la pili ni kwamba kila kilo inahesabiwa. Ukipunguza kilo 200 katika boti hiyo, unahitaji nguvu 72 kwa noti 20 badala ya 80.

KUHAKIKISHA KWA NJIA YA PILI

Hesabu moja haitoshi kwa chombo kitakachobeba roho za watu. Kuna njia ya pili, inayoanza na upinzani wa maji.

Boti inayoteleza hukutana na upinzani ambao kwa kawaida ni kati ya asilimia 12 na 20 ya uzito wake. Tuchukue asilimia 15. Kwa kilo 2,000, upinzani ni sawa na uzito wa kilo 300. Kuvuta upinzani huo kwa noti 20, yaani mita 10.3 kwa sekunde, kunahitaji takriban kilowati 30.

Lakini rafadha, ambayo wengi huiita propela, haigeuzi nguvu yote ya injini kuwa mwendo. Sehemu hupotea katika kuyazungusha maji, na sehemu nyingine huliwa na mguu wa injini unaokokotwa majini. Kwa boti za namna hii, takriban nusu tu ndiyo inayofanya kazi ya kusukuma. Kwa hiyo kilowati 30 zinahitaji injini ya kilowati 60, ambazo ni nguvu za farasi 80 hivi. Njia mbili tofauti zimetoa jibu moja, na hiyo ni dalili kwamba makadirio yako mahali pazuri.

Mtaalamu wa kuchora boti huenda mbali zaidi. Mwaka 1964, Daniel Savitsky wa Stevens Institute huko New Jersey, Marekani, alichapisha mbinu ya kukokotoa upinzani wa boti inayoteleza kwa kutumia uzito, upana, pembe ya V ya chini ya boti na mahali uzito ulipolalia. Mbinu hiyo imo katika programu nyingi za kompyuta za kuchorea boti. Inaonyesha jambo ambalo kanuni fupi haiwezi kulionyesha: injini ileile na uzito uleule vinaweza kutoa matokeo tofauti ikiwa matangi ya mafuta na viti vimewekwa nyuma mno.

BOTI TUPU NA BOTI ILIYOJAA

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupata hasara, na ndipo fedha za umma zinahitaji macho ya umma.

Boti mpya ikiletwa, kwa kawaida hujaribiwa na nahodha na baharia mmoja. Tuseme boti yetu ya mfano imefungwa injini ya nguvu 75. Ikiwa na watu wawili tu, uzito wake ni kilo 1,325 na hesabu inaonyesha noti 24 hivi. Kila mtu anapiga makofi. Ikijaa watu 10 na mizigo yao, kasi inashuka hadi noti 19. Ikipakiwa watu 15 na mizigo zaidi, kinyume cha idadi iliyoidhinishwa, uzito unafika kilo 2,450 na kasi inakuwa noti 17 na nusu.

Sasa rudia kwa injini ya nguvu 40. Ikiwa na watu wawili, inatoa noti 17, na mnunuzi anaridhika. Ikijaa watu 10, hesabu inasema noti 14, karibu kabisa na kilele cha ule mlima. Katika eneo hilo kanuni ya Crouch huwa na matumaini kupita kiasi, kwani imekusudiwa boti ambayo tayari inateleza. Wimbi kidogo au upepo wa mbele ukitokea, boti hiyo haitavuka mlima. Itakwenda noti 8 au 9 huku injini ikinguruma. Safari ya maili 20 za baharini iliyotarajiwa kuchukua saa moja na nusu sasa inachukua zaidi ya saa mbili. Kwa mama aliye katika uchungu wa kujifungua, hiyo si tofauti ndogo.

Ni muhimu pia kuacha akiba. Injini isipangiwe kufanya kazi kwa nguvu zote kila siku. Wataalamu hupendekeza kasi ya kawaida ya safari ipatikane injini ikitumia asilimia 75 hadi 80 ya nguvu zake. Kama boti yetu inahitaji nguvu 80 kwa noti 20, gawanya 80 kwa 0.8, upate 100. Injini ya nguvu 100 au 115 ndiyo inayofaa kazi hiyo. Akiba hiyo italiwa na mwani na viumbe wanaoganda chini ya boti, na maji yanayofyonzwa na mbao au sakafu, na bahari ya kusi nje ya mkondo wa Mkanda.

RAFADHA ISIYOLINGANA

Injini sahihi inaweza kuharibiwa na rafadha isiyo sahihi. Kila rafadha ina kipimo cha kipenyo na kipimo cha hatua. Hatua ni umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye ubao.

Kila injini huja na kitabu kinachotaja mizunguko kwa dakika inayopaswa kufikiwa gesi ikiwa mwisho. Boti iliyojaa ikishindwa kufikia kiwango hicho, hatua ya rafadha ni kubwa mno, sawa na kupanda mlima kwa gia ya nne. Ikizidi kiwango hicho, hatua ni ndogo mno. Kubadilisha hatua kwa inchi moja hubadilisha mizunguko kwa takriban 150 hadi 200 kwa dakika. Kabla ya kulaumu injini na kununua nyingine, pima mizunguko kwanza. Rafadha ni rahisi mno ikilinganishwa na injini mpya.

JE, INJINI KUBWA ZAIDI SI BORA?

Inategemea kazi. Injini ya petroli ya kisasa hutumia takriban lita 0.35 kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi inapokimbizwa mpaka mwisho. Zile za kuchanganya mafuta na oili, za muundo wa zamani, hutumia zaidi.

Linganisha safari ya maili 20 za baharini kwa boti yetu ikiwa imejaa. Kwa injini ya nguvu 75 ikiwa gesi mwisho, safari ni dakika 62 na petroli ni lita 27. Kwa injini ya nguvu 150, baada ya kuhesabu kilo 80 zaidi za injini yenyewe, safari ni dakika 45 na petroli ni lita 39. Umeokoa dakika 17 kwa lita 12.

Kwa boti ya dharura ya wagonjwa, dakika 17 zinaweza kuokoa maisha na lita 12 ni bei ndogo. Kwa boti inayobeba abiria mara nne kwa siku, ni lita 48 kila siku, na gharama hiyo hatimaye hulipwa na abiria kupitia nauli.

Pia kuna suala la bahari. Wakati wa kusi, mawimbi ndiyo huamua kasi. Boti inayoweza noti 30 hulazimika kupunguza ili isipige maji kwa kishindo kinachoumiza migongo ya abiria na kupasua faiba. Nguvu ya ziada haitumiki siku hizo. Tena kila boti ina kikomo cha nguvu na uzito wa injini ambao ubao wake wa nyuma unaweza kuhimili, na kukipita kikomo hicho ni hatari ya kupinduka au kujaza maji kwa nyuma.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka mahitaji ya zabuni yaeleze utendaji unaotakiwa, badala ya kutegemea jina la kampuni. Kwa boti, maana yake ni kwamba masharti mazuri hayasemi tu "injini ya nguvu fulani". Yanasema boti itabeba nini, itakwenda kwa kasi gani ikiwa na mzigo huo, na kwa umbali gani. Kikundi au mtu binafsi anaweza kutumia maswali yaleyale kwa muuzaji:

- Uzito wote wa boti ikiwa imejaa ni kilo ngapi, na umehesabiwaje?
- Kasi iliyotajwa ni ya boti tupu au iliyojaa?
- Kasi hiyo inapatikana injini ikitumia asilimia ngapi ya nguvu zake?
- Kikomo cha nguvu na uzito wa injini kwa boti hii ni kipi?
- Petroli kiasi gani hutumika kwa safari yetu ya kawaida?
- Rafadha iliyofungwa ina hatua gani, na mizunguko inafikia kiwango cha kitabu boti ikiwa imejaa?

Siku ya kukabidhiwa, dai majaribio kwa mzigo kamili. Mifuko ya mchanga au mitungi ya maji inaweza kuchukua nafasi ya abiria. Mtungi wa lita 20 za maji una kilo 20, hivyo kuhesabu ni rahisi. Pima kasi kwa GPS ukienda na mkondo, kisha ukirudi dhidi yake kwenye njia ileile, na uchukue wastani. Jaza tangi kabla, pima kilichotumika baadaye, na uandike yote kwenye karatasi iliyotiwa sahihi na pande zote mbili.

Hesabu zilizoelezwa hapa ni za kukadiria. Haziondoi kazi ya mchoraji wa boti aliyesomea, wala ukaguzi na usajili wa vyombo unaofanywa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya (KMA). Idadi ya abiria iliyoidhinishwa na KMA ndiyo inayofuatwa hata kama injini ina uwezo wa kusukuma zaidi.

Vikundi vya BMU vinavyopanga kununua boti vinashauriwa kuorodhesha uzito wa kila kitu kitakachopakiwa, kufanya hesabu ya kasi kama ilivyoelezwa hapo juu, na kufika na karatasi hiyo katika ofisi ya uvuvi iliyo karibu kabla ya kuagiza injini.